Betri Kando ya Jiko

Kazi yangu ni kukataa. Watu wakiniuliza ninafanya nini huko Masoro, Kigali, nawaambia mimi ni mkaguzi wa bidhaa katika ghala la kampuni inayoagiza tochi na taa za sola, lakini ukweli ni kwamba nalipwa ili nikatae. Sampuli inaletwa mezani kwangu, naipima, naichaji, naiacha iwake mpaka izimike, halafu nasema hapana. Wanaotuletea mizigo hawanipendi. Mmoja alinitamkia usoni kwamba nina roho ya kutu. Nikamjibu kwamba kutu ina afadhali, haijawahi kuunguza nyumba ya mtu, kisha nikamrudishia boksi lake.

Ninazokataa zaidi ni betri za lithiamu za tochi, zile nene kupita kidole gumba, zilizovishwa gamba jekundu au la buluu na kuandikwa namba kubwa kubwa za kiasi cha umeme kinachoingia ndani. Namba ndiyo inayowatia watu wazimu. Kadiri betri inavyokuwa mbovu ndivyo namba inavyopanda, mpaka unakutana na tarakimu ambazo hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuziingiza hata nusu yake katika mwili mdogo vile. Betri ya kweli ukiishika ina uzito wa yai dogo. Ya uongo ni nyepesi, ukiishika unajua mara moja umeibiwa. Nimewahi kuipasua moja, baada ya kuimaliza chaji yote, nikakuta ndani kumewekwa kibetri kidogo tu na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe. Unga wa nini sijui mpaka leo, na sikuuonja.

Betri nzuri ina kisahani chembamba cha ulinzi kitakoni, kinachokata umeme ikishiba au ikizidiwa. Mbovu haina. Chaja yake nayo haijui kusema basi, inaendelea kuilisha tu. Ikishashiba kupita kiasi kinachobaki ni kusubiri kitu cha kuichokoza, na kichokozi kikubwa ni joto. Haya nayasema kila wiki, kwa sauti ileile, kwa watu wanaoangalia saa zao.

Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Kanombe, upande unaoteremka bondeni. Nyumba ile aliijenga mwenyewe baada ya sisi kurudi kutoka Tanzania, chumba kimoja kimoja, kila alipopata. Sisi tulizaliwa Karagwe, na Kiswahili tulikibeba kutoka kule pamoja na masufuria. Mpaka leo tukigombana ndani ya nyumba tunagombana kwa Kiswahili. Mama aliishi maisha yake mengi juu ya ardhi ya watu, akilima alipoonyeshwa na kuondoka alipoambiwa aondoke. Kwa hiyo kiwanja kile cha Kanombe, na migomba yake, na jiko la mbao alilolijenga uani kwa sababu hakupenda moshi ndani, hakukiita nyumbani tu. Alikiita kwangu, na neno hilo alilitamka taratibu.

Kaka yetu mkubwa anakaa Nyarutarama. Ana geti, ana mlinzi, ana jenereta inayowaka yenyewe kabla hujasema umeme umekatika. Alitaka mama ahamie kwake tangu zamani, na mama alikuwa hataki. Halafu ikatokea mama akasahau sufuria motoni, akaenda kanisani, akarudi akakuta ukuta wa jiko umegeuka mkaa na majirani wanamwaga maji. Kaka alikuja, akaangalia, akasema mbele yetu sote, "Mama, moto mwingine mmoja tu, unahamia kwangu. Hapo hatubishani." Mama akaitikia kwa kichwa. Alitengeneza ukuta mpya wa mbao, na tangu siku hiyo hakuacha tena sufuria motoni akaondoka nyumbani.

Mimi mchango wangu ulikuwa tochi. Mama huamka alfajiri kwenda kwenye maombi, na njia ya kutoka kwake mpaka barabarani ni mawe na mfereji. Nikamletea tochi niliyoichagua mwenyewe, yenye betri niliyoijaribu kwa mkono wangu, na chaja yake inayojua kusema basi. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu kabisa, akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikaondoka roho imetulia. Kumbe!

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sisi wa Karagwe. Redio ilikuwa moja, na betri zake tulikuwa tunaziita mawe. Mawe yakichoka hayakutupwa, weee, nani atupe? Yalianikwa juu ya bati kama dagaa. Siku ya mawingu yalipangwa kando ya jiko yapate joto, na jioni redio ikaongea tena, kwa sauti ya mtu mwenye mafua lakini ikaongea. Wasio na subira waliyauma kwa meno. Nimeyauma sana mimi, nayajua ladha yake. Na dawa hiyo ilikuwa inafanya kazi, ndiyo taabu yenyewe. Ingekuwa haifanyi kazi tungeiacha kulekule.

Siku ya moto wa pili ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima uko nje na majembe kufanya kazi za pamoja. Maduka yamefungwa, magari hayatembei mpaka kazi iishe. Wazee wamesamehewa, wanabaki nyumbani. Mimi nilikuwa kwetu Remera nazibua mtaro, kumenyesha tangu usiku na matope yamefika vifundoni. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa mama, mwanamke mwenye kaduka kadogo mkabala na geti lake, anayeongea Kiswahili cha hapahapa Kigali.

"Dada, kuja mbiyo," akasema. "Jiko ya mama yako, mukecuru, iko naungua. Lakini yeye mwenyewe iko muzima."

Hakuna pikipiki, hakuna basi, na kaka huko Nyarutarama kafungiwa na barabara zilezile. Nikaanza kutembea. Jembe nilisahau kuliacha, nikatembea nalo begani mpaka Kanombe, na lilinisaidia, kwa sababu siku ya umuganda mtu mwenye jembe haulizwi anakwenda wapi. Njiani nilikuwa namgombeza mama kwa sauti. Watu walinigeukia.

Nilipofika moto ulikuwa umeshakufa. Watu wa mtaa walikuwa wanachimba mtaro hatua chache chini ya nyumba yake, wakapanda na ndoo na majembe yao, wakaubomoa ukuta wa jiko kabla moto haujaruka kwenye nyumba kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka; sisi watoto wake tungekuta majivu. Jiko lilikuwa limekwisha. Ukingo wa paa la nyumba ulikuwa mweusi na kioo kimoja kimepasuka. Mama alikaa kwenye kigoda katikati ya ua, amefunikwa kitenge cha yule jirani, mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa chenye maji. Nilitaka kulia na kugomba kwa wakati mmoja, nikaanza na kugomba.

"Mama! Ni nini tena?"

"Cheche," akasema. "Mkaa wa siku hizi una cheche."

Alisema huku anaangalia migomba. Na mimi, pamoja na harufu ya mbao zilizoungua na maharage yaliyoungua, nilikuwa nimeshasikia harufu nyingine, tamutamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ile harufu naijua kama mpishi anavyojua kitunguu. Nikaingia kwenye majivu nikachokoachokoa kwa jembe langu, nikaipata kando ya jiko la mkaa: kopo jembamba la chuma, limefunuka kama ganda la ndizi, tumbo lake limetoka nje. Nikaliokota kwa jani la mgomba. Hata likiwa limeungua vile nilijua lisingepita mezani kwangu.

"Mama, hii si niliyokuletea mimi."

Akaukaza ule kitenge mabegani.

"Niliyokuletea iko wapi?"

Akanielekeza kwa midomo, huko sebuleni. Nikaenda kwenye kabati la vioo, lile lenye sahani za harusi ya kaka ambazo hazijawahi kuliwa chakula tangu harusi yenyewe. Katikati ya sahani na birika, tochi yangu ilikuwa imelala ndani ya leso iliyofumwa, na betri yake, na chaja yake kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Nilikuwa naitunza," mama akasema niliporudi nayo. "Kitu kizuri vile."

"Unamtunzia nani?"

"Wageni."

"Wageni watakuja na giza lao, mama?"

Jirani alitaka kucheka, akajizuia. Mama akanieleza polepole, kwa sauti ya chini. Ya kila siku aliinunua pale dukani, rahisi tu, imeandikwa namba kubwa kuliko ya kwangu. Ilikuwa inachoka upesi. Jua likiwepo alikuwa anaianika, na asubuhi ile hakukuwa na jua. Maharage yalikuwa jikoni, joto lipo, akaiweka pembeni. Akaingia ndani kuchukua chumvi. Akasikia mlio, akatoka, akakuta moto umeshashika gunia la mkaa, akajaribu kulivuta gunia kwa mkono. Mazoea yana taabu. Alipomaliza alinishika sketi.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Mwambie cheche."

Nilimwelewa. Moto huu ndio ule mwingine mmoja.

Barabara zilipofunguliwa kaka alifika na gari. Hakupiga kelele, kaka si mtu wa kelele. Alimshika mama kichwani, akautazama mkono, akazunguka jiko lililobaki nguzo mbili, halafu akaona jani la mgomba mkononi mwangu.

"Hiyo ni betri?"

Kudanganya mbele ya kopo lenyewe nisingeweza. "Ni betri."

"Kainunua wapi?"

Jirani, ambaye Mungu hakumpa ujanja hata kidogo, akasema, "Kwangu." Kaka akageuka akaliangalia lile duka mkabala, na nikaona hasira yake imepata pa kukaa.

Umuganda ukiisha wakazi hukaa mkutano, na siku ile ulikuwa haujafanyika kwa sababu ya moto. Wakakusanyika kwenye nyasi, matope miguuni, majembe ubavuni. Kiongozi wa mtaa, mwalimu mstaafu anayependa watu wanyooshe mkono, akampa kaka nafasi. Kaka alizungumza Kinyarwanda cha ofisini, kilichopigwa pasi. Alisema mtaa unalea duka linalouza mabomu. Alitaka lifungwe siku ileile, polisi waitwe, na mwenye duka awe mfano kwa wengine. Watu wakaguna. Duka lile ndilo shamba la yule mwanamke. Sabuni, sukari, vocha na mishumaa yake ndivyo vinavyosomesha watoto wake, na mtaa wote unakopa pale. Alisimama mikono ameikunja tumboni.

"Mimi nanunua mujini, nauzisha," akasema. "Ndani iko nini, mimi sijui."

"Dada yangu ndiye fundi wa mambo haya," kaka akasema. "Aseme yeye ilikuwa nzuri au mbovu."

Nikasimama. Betri ilikuwa takataka, hilo ningeweza kuapa. Na nikisema hivyo nikakaa, duka linafungwa na mama anabaki kwake, maana kosa ni la muuzaji. Lakini hata ile nzuri ya kabatini ingepasuka ukiichemsha pamoja na maharage. Nikisema hivyo, duka linapona na mama anapandishwa gari. Kazini kwangu maneno yote mawili huandikwa mstari mmoja na hakuna anayehama nyumba. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, mama akanyoosha mkono, ule uliofungwa kitambaa.

"Mwacheni huyu mwanamke," akasema. "Betri niliinunua mimi, na kando ya jiko niliiweka mimi, ipate joto, kama tulivyofanya siku zote. Yeye hakuniambia niipike."

Wengine wakacheka. Mama hakucheka.

"Nilisema ni cheche. Nilidanganya. Mwanangu huyu aliniambia moto mwingine nitahamia kwake, na mimi sitaki kuhama kwangu. Sasa mnataka kumhamisha huyu badala yangu. Haya, moto ndio huo. Wa kwangu."

Akakaa. Mzee mmoja nyuma akasema, "Jamani, hata mimi za kwangu ziko juu ya bati sasa hivi." Mkutano mzima ukaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho niliona watu kadhaa, wazima na akili zao, wanachomoka mmojammoja kuelekea nyumbani kwao kwa haraka. Mmoja alirudi na betri mbili ndani ya kofia, amezibeba mbali na mwili wake kana kwamba zingemng'ata. Kiongozi wa mtaa akaniambia sasa niseme. Nikasema yote, uzito wa yai, chaja isiyojua kusema basi, jua, jiko, na kwamba inayovimba au kupata joto yenyewe itolewe nje ya nyumba, isitiwe kwenye chaja tena. Sijawahi kusikilizwa vile Masoro.

Duka halikufungwa. Nilikaa na yule jirani tukachambua boksi lake la betri, nikakataa karibu zote, naye akawa anasema "hii pia?" kwa uchungu, na mimi nasema hiyo pia. Mama alikuwa ndani anafunga nguo. Nilimfuata. Hapo nilikuwa na hasira naye kweli.

"Ungenyamaza, mama. Dakika moja tu. Ningejua la kusema."

"Ningenyamaza," akasema, "ningebaki kwangu. Usiku ningelala?"

"Ungelala. Watu wanalala na makubwa kuliko hayo."

"Huyu mwenye duka ndiye aliyenivuta motoni," akasema. "Wewe ulikuwa Remera." Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anakunja kanga.

Alipotoka, alimkabidhi jirani funguo za geti, amwagilie migomba, halafu akaingia tena ndani akarudi na ile leso iliyofumwa. Tochi nzuri, betri na chaja yake, akampa. Jirani alimshika mikono yote miwili, akasahau ule wa kidonda, mama akaruka kwa maumivu na wote wawili wakaanza kulia na kucheka. Kaka alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Si mtu mbaya kaka. Alimfunga mama mkanda mwenyewe, taratibu, akiukwepa ule mkono.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kule Nyarutarama mama hana mfereji wa kuruka, na kanisani anapelekwa na dereva, ibada ya mchana. Jiko ni la gesi, na wifi yangu kwa heshima tu hamruhusu aliguse. Usiku taa za bustani zinawaka mpaka asubuhi. Mkono ulipona vizuri. Kila mtu anasema amenenepa, na mimi nikimtazama sioni unene, namwona amekaa tu.

Jumapili moja nilikwenda kumwona. Nilimkuta barazani, kiti chake kimegeuzwa kuelekea dirisha lenye jua. Juu ya kizingiti cha dirisha zilikuwa zimepangwa betri ndogo za rimoti ya televisheni, moja pembeni ya nyingine kwa mstari ulionyooka. Nilipiga hatua nikaziondoe, halafu nikaona ni zile za kawaida, za mtindo wa zamani. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, kachoka.

"Nimemwambia zipo mpya," akasema. "Droo nzima, pakiti hazijafunguliwa. Hataki."

Akaingia ndani. Mama akasubiri nyayo zake ziishe.

"Hizi ndizo zile zinazokubali jua?" akaniuliza.

"Ndizo. Hizi hazina ubaya."

"Basi ziache," akasema. "Bado zina kidogo."

Akanyoosha mkono wenye kovu, akazigeuza moja moja upande wa pili, kama anavyogeuzwa samaki. Nikavuta kiti, nikakaa naye tukazisubiri.